Mkate Bila Kikombe

Nyumba ya Mama,
chumba cha mbele.
Jumatatu, mvua inanyesha.

Mpendwa mdogo wangu, Dokta wetu,

Pokea salamu za dada yako mkubwa. Zikukute mzima, umeshiba na umevaa sweta, maana nasikia huko uliko baridi inaingia mpaka kwenye mawazo. Mgongo unaendeleaje? Na lile jino ulilokuwa unaliogopa kuliko hukumu ya mwisho, umeling'oa? Wifi yangu hajambo? Watoto bado wanasikia Kiswahili, au wakija watanipungia mkono tu kama abiria?

Sisi tuliobaki hatujambo. Magoti yangu yananilalamikia kila nikiinama, lakini yanainama. Paa la jikoni linavuja palepale lilipokuwa linavuja ulipokuwa mdogo, na sufuria ya kukingia ni ileile. Namshukuru Mungu kwa yote.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza swali moja: je, Kitinda wetu alipata jibu lako kabla ya kukata roho, na je, alikufa na amani? Swali fupi, nimelipenda, maana hukuzoea kuuliza maswali mafupi. Nitalijibu humuhumu kwenye barua hii, lakini kwa mpango wangu. Subiri kidogo, mdogo wangu. Yeye alisubiri.

Fundi atakuwa ameshakusimulia kwa simu, lakini shemeji yetu huyo akianza kulia haeleweki, kama vile mdomo umejaa misumari yake ya useremala. Kwa hiyo nianze mwanzo, na mwanzo ni wewe.

Ninyi wakubwa wa Kamati ya Mazungumzo, Walutheri upande huu na Wakatoliki upande ule, baada ya kula biskuti pamoja miaka na miaka mlitoa Tamko. Mkasema kwamba habari ya mtu kuhesabiwa haki kwa neema, bila kununua na bila kustahili, sasa mnaisema kwa sauti moja, na zile laana walizorushiana mababu hazimpati tena mtu yeyote aliye hai. Tulisomewa kanisani. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu, maana jina lako lilikuwa pale chini, na mtoto wa Mama ni mtoto wa Mama.

Ila mimi Tamko nililisoma lote. Kule mwishoni, kwa herufi ndogo, mliandika kwamba kuhusu Meza ya Bwana bado hamjakubaliana, kila upande uendelee na utaratibu wake. Herufi ndogo hizo ni zako, usinikatalie. Tangu utoto wako, ukiahidi kitu unaacha mlango wa nyuma wazi.

Kitinda alisikia la mwanzo tu. Na kwa nini asisikie? Unakumbuka alipoolewa na Fundi akahamia kwa Wakatoliki. Mama hakumfukuza, hakumsema. Alimlilia. Kila Jumapili ya Meza alimlilia, pale kwenye benchi letu lenye kipande kilichobanduka. Mimi niliyekaa pembeni yake, niliyemfulia na kumgeuza kitandani mpaka mwisho, sikuliliwa hata Jumapili moja. Siku Mama anakata roho, nani alishikwa mkono? Kitinda. Akamwahidi mbele ya macho yangu kwamba kabla hajamfuata atakula tena kwenye Meza yake. Mama akatabasamu, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimeshika beseni.

Basi ugonjwa ulipomshika na yeye, na daktari akaanza kuongea na Fundi badala ya kuongea na mgonjwa, Kitinda hakuwa na ombi lingine. Huko kwao hakukosa kitu. Padri alikuja nyumbani, akampaka mafuta, akamletea Komunyo kwenye kile kichombo chao kinachong'aa. Lakini alitaka Meza ya Mama, mara moja tu, ili ahadi itimie. Hilo tu, jamani. Na ulilijua, maana uliniandikia nimsaidie.

Ikaja ibada ya umoja. Mchungaji wetu, yule kijana mwenye viatu vinavyolia, aliwaalika Wakatoliki wote waje kwetu tusome Tamko pamoja. Kumbe hakutazama kalenda: kwetu ilikuwa Jumapili ya Meza. Sasa wageni tuwafanye nini wakati sisi tunakula? Wazee wa kanisa tulizungusha maneno mpaka tukachoka. Mmoja akasema wakae watutazame, mwingine akasema hiyo ni aibu, wa tatu akasinzia.

Mimi ndiye niliyetoa dawa, na dawa ilikuwa chai. Tuimbe pamoja, tuombe pamoja, tupeane mikono. Kisha, kabla ya mkate, wageni wakaribishwe uani kwa heshima zote, wanywe chai na mkate wa siagi mpaka sisi tumalize. Baraza zima lilinisifu. Miaka yote hiyo ya mazungumzo yenu, na hakuna hata daktari mmoja wa teolojia aliyewahi kufikiria birika.

Ibada ilikwenda vizuri, ungefurahi. Padri alitoa sala ndefu lakini nzuri. Tamko lako likasomwa, watu wakatazamana kama ndugu waliopotezana. Halafu Mchungaji akatangaza chai. Wageni wakasimama kwa adabu, wakatoka mmoja mmoja, na umoja wa Kanisa ukaenda uani kutiwa sukari.

Kitinda hakutoka. Alikaa kwenye benchi la Mama, kitambaa kichwani, gauni limemning'inia kama liko kwenye kamba. Fundi alimgusa bega, Kitinda akatikisa kichwa. Fundi akatoka peke yake, masikini, na mpaka leo hajui amkasirikie nani.

Utaratibu wetu unaujua. Mchungaji anatangulia na mkate, mzee wa kanisa anafuata na sinia ya vikombe vidogo vya divai. Zamu ilikuwa yangu. Watu wakapiga magoti, na mwisho wa mstari nikamwona mdogo wetu anajishusha, ameshika mbao za madhabahu kwa mikono yote miwili. Akakinga viganja kama Mama alivyotufundisha, cha kulia juu ya cha kushoto.

Mchungaji alipomfikia alisita, akanitazama. Nikamtazama. Kijana akaogopa macho ya mgonjwa kuliko macho yangu, akampa mkate. Nami nikaja nyuma yake na sinia. Kitinda akainua uso.

Nikampita.

Nilifunika sinia kwa kitambaa, nikarudi madhabahuni. Usije ukadhani vikombe viliisha. Vilibaki vingi tu.

Ukiuliza kwa nini, jibu la kwanza uliliandika wewe kwa herufi ndogo: kila upande uendelee na utaratibu wake. Jibu la pili ni la kwangu. Si alihamia kule ambako mababu zetu walilalamika kwamba watu wa kawaida wananyimwa kikombe? Basi nilimwachia desturi ya mababu wa huko alikojichagulia. Nilicheka kidogo ndani kwa ndani, nakwambia ukweli. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na hao farasi sikumpandisha mimi.

Hapo ndipo ugomvi wenu wa karne na karne ulipohamia kwenye kitanda cha mgonjwa. Kitinda alirudi nyumbani, akalala, na swali lake likawa moja, asubuhi hilo, mchana hilo: je, nilikula kwenye Meza ya Mama au sikula? Ahadi nimeitimiza au bado ninayo?

Akaanza na mimi. Nikamwambia nusu ni nusu, hata ukiikata kwa kisu cha dhahabu.

Akamuuliza Mchungaji. Mchungaji akasema Meza yetu ni Meza kweli, Bwana yumo kweli ndani ya mkate na pamoja na mkate, ila tangu mwanzo sisi tumefundisha kupokea vyote viwili, na yeye alipokea kimoja, kwa hiyo… Aliaga, na tulisikia viatu vyake mpaka barabarani.

Akamuuliza Padri. Huyo ni mtu mwema, nisimsingizie, alivuta kigoda akakaa. Akasema mkate peke yake unatosha kabisa, Kristo yumo mzima katika kila kipande, kwa hiyo nusu haina shida hata kidogo. Shida iko kwenye Meza yenyewe, kwa sababu kwao uchungaji wa yule kijana wetu bado una kasoro, na mwenye kasoro hiyo hawezi kuiandaa. Alilisema kwa upole sana, akimshika mkono.

Umeona utamu wake, Dokta? Kwetu Meza ni halali, lakini alikula nusu. Kwao nusu ni nzima, lakini Meza si Meza. Mtoto wa Mama akadondoka katikati, kwenye ule ufa mnaouandikia vitabu. Na kwa jinsi alivyokuwa amekonda, ufa ulimtosha bila kubanwa.

Ndipo akasema, Kaka atajua. Kaka anakaa na wote wawili.

Nilikuandikia kwa niaba yake, na ukajibu. Lo, ulijibu! Kurasa na kurasa. Nilimsomea mwenyewe, polepole, sikuruka hata mkato. Nilimsomea "kwa upande mmoja", nikamsomea "kwa upande mwingine", na zile "hata hivyo" zote ulizozipanda kama mahindi. Nilimsomea pale uliposema kwamba swali lake ni zuri na litaifaa Kamati kama mfano. Hapo niliinua macho nimwone usoni.

Nilipomaliza, akaniomba nirudie pale mwanzo. Mwanzoni uliandika "Mdogo wangu mpendwa". Nikarudia. Akaomba tena. Nikarudia tena. Katika barua yako yote hayo ndiyo maneno pekee yaliyomfaa. Kurasa nyingine nimefungia sabuni.

Usidhani nilimtelekeza. Uji alikunywa kwa mkono wangu, asubuhi na jioni. Nilimfulia, nilimgeuza, nilimpaka mafuta miguuni, hivyohivyo kama nilivyomfanyia Mama. Najua unataka kunihubiria juu ya yule ndugu mkubwa wa mwana mpotevu aliyekataa kuingia karamuni. Usijisumbue. Nimeisikia hiyo tangu nina meno ya utoto, na hakuna mchungaji hata mmoja aliyewahi kunieleza ni nani aliyeosha vyombo kesho yake.

Haya, sasa tumefika kwenye simu yako.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa uani naanika mashuka yake. Ulikuwa unahema, nyuma yako milango inagongana, ukasema unaingia kikaoni sasa hivi. Ukasema, "Mwambie ndiyo. Mwambie alikula, alikula yote. Mwambie nimesema mimi."

Nilishika shuka lililolowa nikalisahau mkononi. Sijawahi kukusikia ukisema sentensi isiyo na "hata hivyo", na ilinigusa, kwa kweli. Sauti yako ilikuwa kama ya zamani, kabla hujasoma.

Nikakuuliza, hilo ni jibu la Kamati au ni lako? Ukasema ni lako. Nikakuuliza Kamati inasemaje. Ukasema Kamati bado inajadili, lakini Dada, achana na Kamati, nenda kamwambie. Simu ikakatika.

Nikaanika shuka lililobaki. Nikabana vibanio. Nikaingia ndani.

Kitinda alikuwa macho. Dirisha lilikuwa wazi, alinisikia nikilitaja jina lako, na alikuwa amejivuta akaegemea mto ili alipokee jibu akiwa amekaa. Amejifunga kitambaa vizuri. Uso wake ulikuwa uleule wa utotoni, ulipokuwa unarudi nyumbani kutoka shule ya bweni naye anatazama begi lako kuona umemletea nini.

Akauliza, "Kaka amesema nini?"

Nikamwambia, "Amesema bado wanajadili."

Hilo ndilo jibu la swali lako, mdogo wangu. Sikudanganya. Ulilisema kwa kinywa chako, nami nikalifikisha. Ulikuwa na majibu mawili, moja lenye muhuri na moja lisilo nao, na kwa kuwa maisha yako yote umetufundisha kuheshimu lile lenye muhuri, nililiheshimu.

Akasema sawa. Akashuka kwenye mto, akageukia ukutani. Uji wa jioni hakuutaka. Alfajiri Fundi alipokwenda kumtazama, alikuwa amekwisha kwenda.

Umeuliza na habari ya amani. Sijui. Uso ulikuwa ukutani.

Ukiwa umefika hapa bila kuichana barua, nikwambie na hili, tugawane. Jibu lile ungeweza kulisema tangu mwanzo, kwa maandishi, na cheo chako chini. Uliliogopa. Ukalisema kwa haraka, mlangoni, pasipo shahidi, ukamkabidhi mtu ambaye unajua tangu utoto ana roho gani kwa Kitinda. Fundi alikuwa na simu. Padri alikuwa na simu. Ulinituma mimi. Ulijua Mama alimlilia nani, ulijua nani alishika beseni, na bado ulinituma mimi na neema mkononi, ati nikaigawe.

Mazishi yalikwenda vizuri. Padri na Mchungaji walisimama pamoja kaburini kwa mara ya kwanza hapa kwetu, wakapokezana sala bila kugombana, na Mchungaji alikuwa amenunua viatu vipya. Unaweza kuiandika hiyo kwenye taarifa ya Kamati, itawafaa kama mfano. Baadaye tulikunywa chai sote pamoja, na safari hii hakuna aliyetolewa nje.

Fundi anakusalimia. Alimchongea msalaba kwa mbao za mlango wao wa zamani, hakutaka mbao za kununua. Haya niliyokwambia hayajui. Ana kwikwi ya kulia kila jioni na anaamini mke wake alikufa akiwa na jibu lako, maana aliniuliza, na yeye nilimwambia ndiyo. Ukimweleza utakuwa umezika wa pili.

Nisalimie sana wifi na watoto, mmoja mmoja kwa jina. Mchungaji anakusalimia kwa heshima kubwa na anaomba nakala nyingine za Tamko, zile za kwanza zimekwisha. Wasalimie na wanakamati, wa upande huu na wa upande ule, uwaambie tunawaombea wasichoke kujadili.

Ukipata nafasi, njoo nyumbani. Jumapili ya Meza ukae kwenye benchi la Mama, nafasi sasa zipo. Zamu ya sinia bado ni yangu.

Mungu akufunike, akupe usingizi, na siku ukiwa na swali, akupe mjumbe mwema kuliko uliyempa Kitinda.

Mimi ninayekupenda, maana sasa nimebaki na wewe tu,
Dada yako mkubwa.